Manase Hakuumwa Tumbo

Kolovai, Tonga,
Jumamosi mchana

Kwako Shangazi Siniva,

Nakuamkia kwa heshima zote. Nimekaa chini mkekani, miguu nimeikunja kama ninavyokaa ukiwepo, ingawa kilichopo mbele yangu ni karatasi tu na sahani ya magimbi ya jana. U hali gani? Mguu wako uliokuwa ukivimba umepata nafuu? Mama Pulotu, atakayekuletea barua hii, alituambia umeanza tena kuvaa viatu vya kufunga, na kwamba Jumapili iliyopita uliimba kwaya ibada nzima bila kukaa. Tulimshukuru Mungu. Sisi huku tu wazima. Baba kifua kinamsumbua kukicha, lakini bado anakwenda shamba na bado anagombana na popo wanaomlia mapapai. Mvua imekuwa nyingi na viazi vikuu vimekubali.

Kabla sijaendelea nakuomba kitu kimoja. Kama unaisoma barua hii sebuleni na Kaka Fotu au Kaka Semisi wapo, ikunje, uingie chumbani, ufunge mlango. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu ya kwenu inasikilizwa na nyumba nzima, na hii ya kwetu Baba huiweka mezani ikapaza sauti kama redio. Yamo maneno humu ambayo siwezi kuyasema masikioni mwa kaka zangu, na wewe ndiye uliyenifundisha kutoyasema.

Jumatano ulipopiga nilikuwa jikoni nyuma, nakuna nazi, na sauti yako ilinifikia yote. Ulimwambia Baba kwamba Manase amekutia aibu. Kwamba ulimwacha mwanao kwa kaka yako tangu ananyonya kidole ili asome, na siku ya mtihani mmoja tu wa maana anainuka kwenye kiti anatoka kama mtu aliyeitwa kula. Kwamba mwanamume mzima hashindwi na tumbo. Ukasema tiketi iko tayari, aje Sydney abebe vyuma vya majukwaa ya ujenzi pamoja na Fotu, huenda vyuma vikamfundisha kutulia mahali. Manase alikuwa ameketi nje kizingitini, anasikia yote. Ulipokata simu alikwenda kupasua kuni, na kuni zilikuwepo tele. Mimi nazi niliikuna mpaka nikajikwaruza kidole. Tangu hapo situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta ufagio. Baba ameniuliza kama nina viroboto.

Manase hakuumwa tumbo, Shangazi. Nataka nikueleze ilivyokuwa, na siwezi kueleza bila kuanza na mashairi, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka huu chuoni tumesomeshwa mashairi ya Kiingereza na Bi Lockyer, mama mmoja wa Hobart, mrefu, mkali wa saa, anayekunywa chai isiyo na sukari wala maziwa wala furaha. Kiingereza cha magazeti na cha serikali tunakiweza. Cha mashairi ni kingine kabisa. Kila neno unalijua, ukiyaweka pamoja huambulii kitu. Mmoja anaandika kwamba saa ya ukutani ilikula adhuhuri. Mwingine anaandika kwamba ukimya ulivaa viatu vyake. Nilikuwa nafungua kamusi mpaka jalada likachomoka, na kamusi inaniambia kwamba kiatu huvaliwa mguuni. Asante sana, nikasema.

Hata hivyo nilijiona nina nafuu kuliko wenzangu, kwa sababu ya Babu. Baba yako alitunga nyimbo za kuchezwa mbele ya machifu, na alinikalisha karibu naye nikiwa mdogo akanifundisha kwamba katika wimbo hakuna ua ambalo ni ua. Ua la langoni ni binti wa ukoo fulani. Upepo wa kusini ni kijiji fulani. Ndege akiruka anakwenda kuposa. Kulitaja jambo kwa jina lake ni ushamba. Basi na mimi nikayasoma mashairi ya Waingereza hivyo hivyo. Bi Lockyer akatupa shairi la mtu anayetazama waridi kwenye ukuta wa bustani. Nikasimama nikaeleza kwamba waridi ni mke wa chifu wa upande wa mashariki, ukuta ni mpaka wa koo mbili, na nyuki anayetajwa mwishoni ni mjumbe wa posa. Darasa zima likakubali kwa kichwa. Fehoko, yule kijana wa Vavaʻu, akaongeza kwamba nyuki huyo bila shaka ni wa ukoo wa chini, maana amekuja kwa watu bila mkeka wa heshima kiunoni.

Bi Lockyer alivua miwani akasema maelezo yangu ni mazuri kuliko shairi lenyewe, ila waridi lile, kwa bahati mbaya, ni waridi. Manase alikuwa anatazama dirishani, kama kawaida yake nikiwa nimesimama, akasema taratibu kwamba Waingereza wana maua mengi na machifu wachache, kwa hiyo maua mengine yanabaki bila kazi. Tulicheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta.

Ilimchukua muda mama yule kutuelewa mimi na Manase. Aliniuliza kwa nini tunatoka nyumba moja na hatuketi benchi moja. Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema kwenye karatasi za chuo mama zetu ni tofauti. Nikamwambia mama yake ni dada wa baba yangu, kwa hiyo ni kaka yangu na ana heshima kubwa juu yangu. Kwamba tangu sauti yake ilipobadilika analala kibanda cha wavulana na mimi nyumbani. Na kwamba mambo ya mapenzi, hata utani wake, hayasemwi tukiwa chumba kimoja, na yakianza mmoja wetu anatoka. Akauliza kama ni hivyo hata kwa filamu. Nikamjibu filamu ndiyo kabisa. Tangu siku ile, shairi la mapenzi likija darasani alikuwa anamwuliza mmoja wetu tu, na mwingine anajifanya ana kiu anakwenda kwenye tangi la maji.

Mwisho wa wiki, nikirudi kutoka mjini ninakokaa siku za masomo, tulikuwa tunajisomea kwa namna yetu. Yeye kibandani, mimi barazani, uwanja katikati. Yeye anapaza mstari, mimi napaza maana, na Baba analalamika kwamba kuku wake watakuja kutaga kwa Kiingereza. Ya bahari tuliyasoma hivyo, ya vita, ya ng'ombe, ya makaburini. Ya mapenzi kila mtu alijisomea kivyake, na ndiyo maana hapo wote wawili tulikuwa wabovu. Nje ya hapo, niseme kweli, Manase ananishinda. Ana sikio. Ule ukimya uliovaa viatu ulinizungusha kutwa nzima, yeye akaufungua huku anamenya muhogo. Alisema watu wawili wamekaa bila kusemezana mpaka mmoja ameamua kuondoka, na sasa hata kule kunyamaza pamoja kumekwisha. Halafu akauliza kama muhogo unatosha.

Chuoni kila mtu alijua nafasi ya kwenda chuo kikuu Suva ni moja tu, na kwamba ni ya Manase, na asipoichukua Manase ni yangu.

Sasa liko shairi moja fupi. Mtu yuko peke yake nyumbani jioni. Anafagia, anafunga mlango, anazima taa. Mstari wa mwisho anasema: bado nalala upande wangu. Basi, hakuna zaidi. Bi Lockyer alituletea mwezi wa tatu, wiki ambayo Manase alikuwa amekwenda maziko Haʻapai, na hakuna aliyeliweza. Fehoko alisema mtu huyo anaumwa mbavu. Msichana wa ʻEua alisema kitanda ni kaburi. Mimi na Babu yangu tulisema kitanda ni nchi, na mwenye shairi ni chifu mwadilifu asiyevuka mpaka wa mwenzake. Nani kwetu ana upande? Tumelelewa mikekani, wasichana wote mstari mmoja, ukigeuka unampiga teke ndugu yako. Bi Lockyer alikataa kutupa jibu. Alisema ipo mistari ambayo mwalimu akiieleza anaiua, kwa hiyo tuingoje. Nilikasirika, Shangazi. Nimekuja kusoma, naambiwa ningoje kama nangoja meli ya mizigo. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake kumbembeleza, akapandisha kioo huku anatabasamu.

Mtihani ulikuwa wa mdomo, Jumatatu iliyopita. Tuliketi wote ukumbini, na mbele yetu walikaa Bi Lockyer, mkuu wa chuo, na Bwana Raghwan aliyetoka Suva. Kila mtu alichota karatasi ya shairi lake kwenye kikapu, akalisoma kimya kimya akingoja kuitwa. Sheria ilisomwa kwa sauti: hakuna kutoka. Anayetoka kabla ya zamu yake amejitoa, maana huko nje anaweza kuuliza watu maana. Zamu yangu ilikuwa mbele ya ile ya Manase. Nikafungua karatasi yangu. Ni lile la kitanda.

Nilikaa nalo mkononi wenzangu wakiitwa mmoja baada ya mwingine, naikunja na kuikunjua karatasi mpaka ikalegea. Nilipoitwa nilisimama nikalisoma kwa sauti. Kufagia, sawa. Mlango, sawa. Taa, sawa. Nilipofika mstari wa mwisho sauti ilikatika. Si kwa kutoelewa. Nilikuwa naelewa, naelewa kuliko nilivyotaka, na kwa nini nitakuambia, usinitangulie kabla sijafika. Bwana Raghwan akaniuliza kwa upole mtu huyu ana maana gani. Manase yuko mstari wa pili, macho dirishani, shingo imekakamaa. Ningesema sijui, neno moja tu, nikaketi. Nilifungua kinywa niliseme, na badala ya neno yakatoka machozi mbele ya watu wote, tena si yale ya kufuta kwa kidole.

Hapo Manase akasimama. Hakunitazama. Akakaza vizuri mkeka wake kiunoni, akaiweka karatasi yake kwenye kiti, akawainamia wasahihishaji, akatoka. Mkuu wa chuo alimwita kwa jina akimkumbusha sheria, tukamsikia akijibu kutoka barazani kwamba anaijua. Kisha nyayo zake zikashuka kwenye kokoto, zikaenda, zikaenda mpaka mwisho wa uwanja wa raga. Alizipiga kwa nguvu. Alitaka nijue kwamba yuko mbali na hasikii.

Nikasema. Nilisema mtu huyu alikuwa analala na mwenzake, na mwenzake hayupo, na sasa kitanda chote ni chake lakini mwili haujakubali. Hasogei katikati. Akisogea atakuwa amekiri kwamba hakuna mtu anayekuja. Nikasema kufagia na kufunga mlango vimewekwa pale kwa sababu mwenye upweke wa namna hiyo hafanyi makubwa, anafanya yale ya kila jioni, moja moja, sawasawa, maana akiacha hata moja ataanguka. Nikasema hapa hakuna chifu wala mpaka, kitanda ni kitanda. Niliongea mpaka Bi Lockyer akaweka kalamu chini. Wasichana wa nyuma walikuwa wanalia, na Fehoko wa mbavu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jioni ile ile walinipa Suva. Manase wakamwandika amejitoa. Bi Lockyer alimkuta kwenye tangi la maji akamwuliza kulikoni, akasema tumbo. Ndilo hilo tumbo ulilolisikia.

Najua unachotaka kuuliza sasa. Kama alitoka kwa heshima, mbona hakusema ni heshima? Hakuna Mtonga angemlaumu. Mkuu wa chuo mwenyewe ana dada. Angeeleza kesho yake wangemsikiliza. Swali hilo nimejiuliza na mimi, kwa muda mfupi tu, kwa sababu jibu nalijua. Shairi lile tulishalijadili darasani, mbavu na kaburi, bila mtu kuona haya. Wangemwuliza lina nini la kumtoa kaka chumbani. Wangemwuliza dada yako alilia nini. Na Manase anajua nilichokuwa nalilia. Katika ukoo huu anajua peke yake.

Shangazi Siniva, mimi nimeolewa.

Nimeolewa tangu mwezi wa nne na Pauliasi Moala, fundi wa injini za boti, mtu wa Haʻapai. Si wa kanisa letu. Baba alishasema mbele ya watu kwamba binti yake hatavuka uzio wa kanisa lile, na wewe ulikuwepo, unakumbuka. Basi tulichukua kibali mahakamani, mchungaji wao akatufungisha mchana wa siku ya kazi, mashahidi wakawa mke wake na mwoka mikate aliyetupangisha chumba. Hapakuwa na mikeka wala vitambaa vya magome. Hapakuwa na nguruwe. Nafasi yako, ya kuketi juu ya wote na kupokea heshima ya ukoo kwa ajili yangu, ilikuwa tupu. Nilijua iko tupu na nikaendelea. Huko mjini mnakodhani naishi na wasichana wenzangu ni chumba kilicho nyuma ya tanuri la mikate, na godoro la sponji ambalo Pauliasi alilibeba kichwani kutoka bandarini huku watu wanamzomea. Nilikuwa na furaha humo, sitakuficha. Ndimo nilimojifunza kwamba mtu anaweza kuwa na upande wake.

Mwezi wa saba akaenda Bundaberg, huko huko nchini kwenu, na wachumaji wa matunda wa msimu. Atarudi Desemba. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, na Jumapili nyingine mtandao unakataa nabaki naitazama simu kama nimeikosea. Kila jioni nafagia chumba ambacho hakina uchafu, nafunga mlango, nazima taa, nalala nimejibana ukutani. Godoro zima lipo. Naamka ukutani. Asubuhi moja niliamka hivyo, shairi likanijia lote, nikaketi, nikamchukia Bi Lockyer kwa kuwa alisema kweli.

Utauliza Manase alijuaje. Alikuja pale nyuma ya tanuri mwezi wa sita, kabla Pauliasi hajasafiri, kuniita kwa sababu Baba alikuwa amezidiwa na kifua. Alipofika mlangoni akaona viatu vya mwanamume. Hakugonga. Alirudi mpaka barabarani, akasimama ng'ambo, akaniita kwa sauti ya mtu aliyefika wakati huo huo, akangoja mpaka nilipotoka mwenyewe na kufunga mlango nyuma yangu. Nilimwona kupitia pazia akirudi nyuma, ndiyo maana nakuambia. Njia nzima aliongea habari za kifua. Wiki iliyofuata alimwachia mwoka mikate kapu la viazi vikuu, akasema ni vya nyumba ya nyuma, na vilikuwa vya kuwashibisha watu wawili wenye njaa. Hajasema neno, kwangu wala kwa mtu mwingine.

Na mimi nilimwacha akae kimya. Jioni ile walipotaja jina langu nilifurahi, Shangazi. Nilifurahi mpaka nilipofika kituo cha basi nikamwona amekaa ananingojea ili nisirudi nyumbani peke yangu, amenisogezea nafasi upande wenye kivuli. Naitaka Suva. Naitaka mpaka nahisi njaa nikiitaja. Pauliasi alishasema atanifuata, kwamba boti mbovu zipo kila mahali. Lakini siwezi kuipanda ile ndege mwanao akiwa amebeba vyuma Sydney kwa jina la uvivu, na kila mara ninapojiambia ninaweza, naanza tena kutafuta ufagio.

Jana asubuhi nikaenda kwa Bi Lockyer nikamweleza yote. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yake na chai yake mbaya ikapoa. Aliuliza kwa nini Manase hakumwambia. Nikamwuliza angemwambia vipi. Akainuka akaenda kwa Bwana Raghwan, na Bwana Raghwan, aliyekulia Labasa katikati ya dada wengi, hakuhitaji maelezo marefu. Amesema yuko Nukuʻalofa mpaka Ijumaa. Atamsikiliza Manase peke yake, kisha ataamua upya kati yetu.

Nilirudi Kolovai mbio. Nikasimama nje ya kibanda nikamweleza Manase kupitia ukutani, bila kutaja la viatu wala la kitanda. Alijibu kwa adabu kwamba alisema tumbo na litabaki tumbo, na kwamba Sydney nako watu wanaishi. Nikamwambia ananionea, ananipa kitu ambacho sikumwomba. Akasema basi nisiombe, nipokee. Nikaupiga ukuta kwa kiganja, ukuta wa kibanda cha wavulana, mwanamke mzima mimi. Baba akachungulia kuuliza kama kuna panya.

Anashikilia tumbo kwa sababu moja tu, nayo ni kuificha siri yangu. Ikiwa si siri tena hana cha kuficha. Kwa hiyo nimekupa wewe, ambaye nimekukosea kuliko wote. Ukimaliza kusoma mpigie. Usimpeleke kwenye vyuma. Mwambie unajua yote na kwamba Losaline mwenyewe ndiye aliyesema, kisha umwamuru aende kwa Bwana Raghwan kabla ya Ijumaa. Mimi ananikatalia. Baba hatamlazimisha mtoto wa dada yake hata siku moja. Wewe hakukatalii. Na ujue kabisa kwamba akienda atanishinda. Najizoeza kulisema hilo kila nikichota maji na bado linaniuma. Mwamuru aende hivyo hivyo.

Kuhusu mimi, sikuombi msamaha kwenye karatasi, maana hilo halifanywi kwa karatasi. Ukija Krismasi utanikuta nimekaa chini nje ya lango, nimevaa mkeka uliochakaa na majani shingoni kama wanavyokaa waliokosa, na nitakaa mpaka utakaponiita au utakaponipita. Pauliasi anasema atakaa pembeni yangu. Nimemwambia mvua ya Desemba haina adabu, akasema hata yeye watu wamesema hana, kwa hiyo watapatana.

Kaka Fotu na Kaka Semisi wape salamu zangu bila habari hizi, na wake zao pia, na kina mama wa kwaya. Mama Pulotu anapita alasiri hii kuichukua barua na ndege yake ni Jumatatu. Baba hajui kitu. Yuko nyuma ya nyumba anapanga mawe ya tanuri la ardhini la chakula cha kesho, anaimba sauti ya chini ya wimbo wa ibada na kukohoa kila anapofika kituo. Sitaki aipate habari hii kutoka Sydney. Nikishatia sahihi naenda kumwambia, na nitaanza kwa kumtajia jina langu jipya, kwa sababu sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote wa ukoo huu. Naliandika hapa kwanza ili mkono ulizoee kabla ya mdomo.

Mungu akulinde, Shangazi, wewe na mguu wako.

Mtoto wako,
Losaline Moala